Mafuta ya Transfoma

Mama yangu mdogo ndiye aliyenifundisha kwamba kuku wa ile mikahawa mikubwa ya mjini, yenye viyoyozi na wahudumu wenye kofia, hazaliwi. Anaoteshwa. Kwa maelezo yake kuna ghala mahali fulani ambako mapaja yanakuzwa bila kuku, yakilishwa kwa mpira, ndiyo maana ukinunua ndoo yao unakuta mapaja na vifua vitupu. "We ushawahi kuona shingo mle? Firigisi je? Utumbo?" alikuwa akiniuliza, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti, nikawa natafuta shingo kwenye kumbukumbu.

Alikuwa na habari za kila anayeuza chakula Chang'ombe. Muuza supu analainisha nyama kwa vidonge vya maumivu. Mishkaki ya pale karibu na gereji ilikuwa ikibweka wiki iliyopita. Na yule mwanamke aliyefungua kibanda cha chips ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na chake, alikuwa anachanganyia maji ya kuoshea maiti ili wateja wasibanduke. Hilo la maiti alilisema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, maana alitaka lifike.

Kwake mwenyewe kulikuwa na jambo moja la kweli, na hakuna aliyewahi kumuuliza: tomato yake, ile sosi ya kumiminia juu ya chips, ilikuwa papai. Papai lililochemshwa, siki, sukari na rangi nyekundu ya unga. Nimeshika mwiko wa sufuria hiyo kwa mikono yangu. Watu waliiminya juu ya chips zao, wakalamba vidole, wakaendelea kujadili plastiki iliyomo kwenye mayai ya watu wengine.

Alikuja Dar kutoka Masasi ndoa yake ilipovunjika. Angeweza kukaa kwa kaka yake huko huko Masasi, lakini kule alikuwepo wifi, na huyo wifi aliwahi kumfungia sukari kabatini na kutembea na ufunguo kifuani. Mama mdogo alisema afadhali akaange chips barabarani mpaka azeeke. Kwa hiyo kibanda kile cha mbao, chenye karai moja na kabati la vioo, ndicho kilichokuwa kati yake na ule ufunguo. Kikifa, anapanda basi. Alisema hivyo mwenyewe, tena mara nyingi.

Wateja wake wakubwa walikuwa mafundi wa karakana zetu. Kigogo wao alikuwa fundi wa kusuka mota, mnene, mpole, mwenye mikono myeusi ya grisi, ambaye alikula zege, yaani chips zilizokaangwa na mayai, hapo kila mchana kana kwamba ni dawa aliyoandikiwa.

Sasa, mitaa yetu ina majina rasmi, yameandikwa kwenye vibao, na hakuna anayeyatumia. Sisi tunaelekezana kwa vitu. Pale mnazini. Pale kwa mjumbe. Pale kisimani, ingawa kisima kilifukiwa mimi sijazaliwa. Na duka la jumla lililo chini ya zile nguzo mbili zilizobeba transfoma, basi hapo ni transfoma. Unga wa pale ni unga wa transfoma. Mchele wa pale ni wa transfoma. Tumesema hivyo miaka yote na hakuna aliyepigwa shoti.

Siku hiyo natoka kazini, mama mdogo akanipigia. Yeye akiongea na simu hupaza sauti ili kuisaidia ifike, kwa hiyo kibanda kizima kilimsikia.

"Mwanangu! Ukipita niletee mafuta ya transfoma! Eee, dumu zima! Ya sokoni siyataki mie, yanaisha upesi! Haya ya transfoma unakaangia mpaka unachoka mwenyewe!"

Nilipofika na dumu langu, mafundi waliacha kutafuna. Walilitazama dumu. Mmoja alikuwa ameshika kijiti chenye chips hewani, na hakukipeleka mdomoni wala hakukirudisha kwenye sahani. Nikadhani kuna msiba.

Mji mzima unajua ile stori, kwamba kuna wezi wanapanda nguzoni, wananyonya mafuta ya kupozea transfoma na kuwauzia wakaanga chips, kwa sababu eti hayaishi karaini. Mimi nimeisikia tangu nasoma. Na hapa mafundi umeme walikuwa wameisikia kwa masikio yao, kutoka kwa mkaangaji mwenyewe, kwa sauti ya kuita mtu aliye Kigamboni.

"Ticha," fundi wa mota aliniambia pembeni, kwa huruma kabisa, "hata we unambebea?"

Kabla ya wiki kwisha nilitumiwa sauti kwenye simu na mwalimu mwenzangu anayekaa Sinza, akinionya nisile chips Temeke, kuna mama kakamatwa na pipa. Stori ilipofika Chamazi, yule mama alikuwa ameshapewa uwezo wa kuwaka gizani. Nilicheka, nakiri, mpaka nilipokumbuka ni nani.

Umeme ulipokatika mtaani, watu walitoka nje wakamwangalia mama mdogo. Hawakumtukana. Walisimama milangoni na kumwangalia tu, wengine na mswaki mdomoni, wakisubiri aurudishe.

Alijitetea, na kila utetezi ukazidi kumzamisha. "Nilisema PALE transfoma! Pale! Si mle ndani!" alipiga kelele, na mtu akajibu kwamba hata mwizi husema alikuwa pale tu. Aliamua kubadili duka. Lingine lenye mafuta ya jumla liko pale makaburini. Jaribu wewe kusema kwa sauti, mbele ya wateja, kwamba umeleta mafuta ya makaburini. Aliyabeba mwenyewe, dumu limefunikwa kanga, na kule kulifunika ndiko kulikommaliza. Akaja afisa afya wa kata, akanusa karai, akakagua dumu, akaona hakuna tatizo, akala sahani moja na mayai mawili. Mtaa ukasema kahongwa chips.

Wateja wakahamia ng'ambo, kwa yule wa maji ya maiti. Wote. Nilikasirika sana, na hasira ilinichanganya, maana silaha zilizompiga mama mdogo zilikuwa za kwake mwenyewe, alizinoa yeye. Jioni moja nilimkuta kaweka begi juu ya kitanda, anakunja magauni. Hakuwa analia. Alikuwa anapanga jinsi atakavyomwamkia wifi yake, na alijaribu mbele yangu, "Za masiku, wifi," akaikataa sauti ile, akajaribu nyingine ya unyonge zaidi. Hapo mimi ndiye niliyelia.

Kesho yake giza linaanza kuingia, fundi wa mota akaja kwa mlango wa nyuma, akitazama huku na huku utadhani anaingia gesti.

"Shikamoo mama. Niwekee zege."

Mama mdogo alimtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Si umesema naua watu?"

"Mama, mie nilisema nilichosikia. Lakini kule ng'ambo, kwa kweli, chips zake hazina kitu."

"Kwa hiyo unajua kwamba si kweli?"

Fundi alionekana kusikitika kwa dhati. "Ni kweli unayatumia, mama. Ila tushazoea."

Akapewa. Akala wima wima, akasita, akatafuna polepole, akauliza, "Umebadilisha mafuta?" Mama mdogo akageuza chips karaini. "Rudishia yale, mama. Haya hayana nguvu."

Nilitaka kumrukia. Nilianza kumfafanulia habari ya duka na nguzo, kwa utaratibu, kama niko darasani, na yeye akaitikia kila sentensi kwa adabu zote za mtu asiyeamini hata moja. Mama mdogo akaninyamazisha kwa mkono. Alikaa kwenye stuli yake, uso umemshuka. Alitaka kusafishwa jina. Alitaka mtu mmoja tu aseme, mama, tulikosea. Na aliyekuja alikuwa amekuja kwa sababu ya lile lile kosa, na nyuma yake, kwenye uchochoro, walikuwa wamesimama mafundi wengine wakingoja kuona kama atahudumiwa.

Mchana uliofuata nilikuwa naelekea nyumbani simu ikaita. Nilisikia karai likivuma na minong'ono ya watu wengi.

"Mwanangu! Niletee mafuta ya transfoma!"

Nilifika na dumu, safari hii wakalipisha njia kama linapita jeneza la mtu mkubwa. Mbele kabisa kulikuwa na kijana mgeni, shati la ofisini, sijui katoka mtaa gani. Akainama kwenye kabati la vioo, akashusha sauti.

"Samahani mama. Ndiyo yale mafuta yenyewe? Ya transfoma?"

Nilimwona mama mdogo akivuta pumzi ya kuanza upya, pale, si mle ndani, duka, nguzo. Kisha macho yake yakapita juu ya kichwa cha kijana, upande wa barabara yanakopita mabasi ya kusini, na ile pumzi akaiachia.

"Yenyewe, baba," akasema. "Ya transfoma."

Halikuwa neno la uongo hata kidogo. Akamsogezea na chupa ya ile tomato yake.