Jasusi wa Baba Alikuwa na Pacha

Enzi zetu sinema haikuingia mfukoni. Ilikuja mjini kwetu mara moja kwa mwezi, Jumamosi alasiri, katika ukumbi uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Watoto tulikaa sakafuni, mbele kabisa, vidole vikinuka njugu karanga. Zilikuwa filamu kuukuu za Wazungu, za wakati wa vita: majasusi wanafukuzana, mara wanaacha ghafla, wote wanaimba na kucheza densi. Kiingereza hatukukijua. Kazi hiyo ilikuwa ya Baba.

Baba alisimama kando ya pazia na kipaza sauti, akitutafsiria. "Msimwone anacheka huyu. Ramani imo ndani ya tarumbeta!" Ukumbi mzima ukampigia kelele askari ageuke. Wakiimba, naye aliimba, kwa Kiswahili chenye vina. Siku moja jasusi alifungwa jela, kisha tukamwona huyo yuko huru, anacheza densi. Watu wakaguna. "Huyo ni pacha wake!" Baba akasema, nasi tukashangilia. Jumatatu nilitamba shuleni: nani mwingine ana baba anayejua Kiingereza kiasi hicho?

Mwezi uliopita, hapa Doha, nilimsimulia Njeri filamu ile ya pacha, naye akaipata kwenye simu. Njeri ni nesi mwenzangu, tunaishi chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na ni wa rika la binti yangu. Nikaiangalia, sasa Kiingereza nakijua. Tarumbeta halina ramani. Pacha hayupo. Jasusi anafungwa mwisho kabisa.

"Anti, kumbe mzee alikuwa anawapiga fiksi tu!" Njeri akacheka.

Iliniuma, nakiri. Kisha nikaelewa: siku ile mikanda ya filamu ilipachikwa kinyume, wa mwisho ukatangulia. Baba, mtu wa darasa la nne, alikuwa na pumzi moja tu ya kuokoa filamu mbele ya ukumbi mzima, naye akazaa pacha. Niliona fahari kuliko ile ya utotoni.

Nikamwambia Njeri azime sauti. Nikasimama kando ya simu, nikatafsiri kama Baba, nikaimba nyimbo zake zote. Vijana wa leo wana filamu elfu kiganjani, na hutazama kila mtu peke yake, masikio yamezibwa kwa visikizio. Sisi tulikuwa na moja, na mtu wa kutuimbia.

Jasusi alipofungwa, Njeri alikuwa ameinama mbele.

"Anti, na pacha?"