Gari Lililonguruma Matangani

Nakumbuka mchana mmoja wa ukungu, mwanangu, niliposimamisha pikapu yenye jeneza kwenye boma moja juu ya mji wa Ogembo. Unanicheka kila nikikusumbua kuhusu hilo gari lako linaloguna. Cheka tu, lakini kaa usikie.

Betri yangu ilikuwa dhaifu, kwa hiyo sikuzima injini. Nilishuka nikasimama kando na waombolezaji. Moraa, mjane wa marehemu, alikuja na mtoto mgongoni, akaweka mkono juu ya jeneza. Injini ikapanda, ikanguruma, na ndani ya gari hamkuwa na mtu. Moraa akarudi nyuma. Injini ikatulia. Akasogea tena, ikanguruma tena.

Wimbo wa kanisa ulikatika katikati, tukabaki na ukungu na lile gari linalohema.

"Mnaona?" shemeji yake akasema. "Ndugu yangu anamkataa. Anajua kile huyu mwanamke alimfanyia."

Mama mmoja akamfungua mtoto mgongoni mwa Moraa, akaenda naye. Maneno kama hayo, kwamba mke ndiye aliyemuua mume, yakishaanza, mjane hufukuzwa bomani, na wengine wamepoteza maisha. Moraa alilijua hilo. Alikuwa akinitazama mimi, mwenye gari.

Nami nilinyamaza. Asubuhi ile pale Suneka, kabla sijabeba maiti, gari lilikuwa limenguruma vivyo hivyo, nikaongeza tu sauti ya redio. Niliona haya kusema.

Aliyenifuata ni mama mzazi wa marehemu, bibi kizee ambaye wote walimwita Magokoro, yaani nyanya.

"Kijana, hii gari imeanza kulia leo hapa?"

"Hapana, Magokoro. Hata Suneka ililia, ikiwa tupu."

"Sema na nguvu wasikie! Unaona aibu ya gari chafu, na huyu mtoto wa watu anamalizwa?"

Nikasema kwa sauti. Nikafungua boneti mbele yao wote. Springi ya throto ilikuwa imelegea, na kile kibati chake cha kufungua na kufunga njia ya hewa kilikuwa kimejaa masizi, kinakwama na kujiachia kadiri injini ilivyotikisika, Moraa awe karibu au mbali. Nikakisukuma kwa kidole. Injini ikatulia.

Moraa alirudishiwa mtoto wake, akamzika mumewe. Lakini nilipokuwa nikiondoka, niliwaona waombolezaji wamesimama ukunguni, na hakuna aliyelitazama gari. Walikuwa wakimtazama yeye.

Basi safisha throto, mwanangu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, futa masizi kwa kitambaa, hakikisha springi na kebo vinarudi vyenyewe. Na ukisikia mtu anashtakiwa kwa jambo ambalo wewe unajua chanzo chake, usingoje kuulizwa. Gari langu halikumshtaki Moraa. Watu walikuwa na mashtaka yao tayari, wakingoja tu kitu kipige kelele. Mungu akutangulie barabarani, akupe injini tulivu, na mdomo usiochelewa.