Ijumaa Nitashika Msahafu, na Buti Niliiacha Wazi Mimi

Admin, nakuomba kwa jina la Mungu unifiche. Garissa hapa kila mtu anamjua mwenzake, na wakwe zangu wote wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina mume na mtoto wa miezi sita. Naandika nikiwa nimejifungia bafuni, na bomba nimelifungulia ili wasinisikie nikilia. Naogopa jamani. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Wiki mbili zilizopita mume wangu alikodi gari Nairobi tuje nalo huku kwa harusi ya dada yake. Mama mkwe alikuwa aje kesho yake kwa basi. Akanipa begi dogo jeusi. Ndani mlikuwa na dhahabu ya bibi harusi, pamoja na bangili ambazo mama mkwe alizirithi kwa marehemu mama yake huko Mandera. Hakumpa mwanawe, hakumpa bintiye. Alinipa mimi. "Hii ni amana," akasema. "Nakuachia wewe kwa sababu una akili." Mwenye gari naye alituonya kuhusu buti. Alisema ina tabia mbaya, ibamizwe mpaka ilie, halafu ivutwe kuhakikisha.

Tulipofika Garissa mume wangu akashuka mjini kushughulikia mahema. Nikabaki na wifi yangu, bibi harusi mwenyewe, tuliyekuja naye, na mimi ndiye niliyetaka nimpeleke kwenye hifadhi nje ya mji kuona twiga kabla hajafungiwa ndani. Wifi akasema, "Tupeleke begi nyumbani kwanza." Nikamcheka. "Wewe nawe! Nusu saa tu. Hapa si Nairobi."

Tukaegesha karibu na kibanda cha mlinzi. Ni mzee wa makamo, watu wote wanamwita Abti, yaani mjomba. Alasiri ilikuwa imeingia, akatupa birika lake la maji tutawadhe. Wifi akatangulia kwenye kivuli. Mimi nikafungua buti nitoe mkeka, nikalifunika begi kwa shela yangu, nikausukuma mlango kwa mkono mmoja. Haukulia. Nilisikia kabisa kwamba haukulia. Lakini kwetu mama wa sokoni akisikia adhana anatupa shuka juu ya nyanya zake anaenda kuswali, na akirudi hakuna hata moja iliyoguswa. Nimekulia hivyo. Kwangu mimi, kitu kikishafunikwa kimeshafungwa.

Abti akaniita, "Binti, buti yako hujafunga. Rudi kwanza." Na mimi na ulimi wangu huu nikamjibu, "Mzee, kazi yako ni twiga. Gari niachie mimi." Astaghfirullah, maji yake yalikuwa bado yananidondoka mikononi.

Tuliswali, tukaenda kuona twiga, tukapiga picha. Tuliporudi shela ilikuwa chini kwenye vumbi na begi hakuna. Wifi alipiga ukelele mpaka watu wakaja mbio. Mume wangu alipofika aliniuliza jambo moja tu: "Ulifunga gari?" Nikaona macho yake. Nikakumbuka mama yake anafika kesho. Nikasema, "Nilifunga, wallahi. Na aliyebaki hapa ni mlinzi peke yake."

Abti akasema alinionya. Mbele ya watu wote nikamwita mwongo.

Tangu siku hiyo mambo yamenizidi. Mzee amefukuzwa kazi. Ukoo wake si ukoo wetu, kwa hiyo si kesi ya mtu na mtu tena, wazee wa pande zote mbili wamekaa. Vijana wanatukanana kwenye mahoteli ya chai, na juzi nyumba ya Abti ilipigwa mawe wajukuu wakiwa ndani. Ninyi mnajua kwetu jiwe moja linavyoweza kuzaa maiti. Mama mkwe alikaa kwenye harusi mikono mitupu, na bado ananitetea kwa wageni: "Mkwe wangu hasemi uongo."

Jana wazee walimtaka Abti aape. Akakataa. Akasema, "Mpeni yeye msahafu. Akiushika akasema sikumwonya, basi mimi ni mwizi, na wanangu watalipa." Wazee wakakubali. Ni Ijumaa, baada ya swala. Mume wangu akarudi nyumbani akicheka. "Imeisha! Utaapa dakika moja tu." Nikamuuliza kwa utani, na je nikisema sikumbuki vizuri? Kicheko kikakatika. "Mwanamke atakayeniaibisha mbele ya wazee namrudisha kwao siku hiyo hiyo, na mtoto anabaki."

Nikiapa, naogopa Mungu. Kwetu tunajua kiapo cha uongo kinarudi nyumbani kwa aliyeapa. Usiku wa jana mwanangu alikohoa mara mbili, nikaruka kitandani kama mwendawazimu. Nisipoapa, naondoka humu bila yeye, na bado ananyonya.

Leo asubuhi nilipishana na Abti njiani. Nikajivutia shela usoni, lakini alinijua. Nilidhani atanilaani. Akasimama, akanisalimia, akauliza mtoto hajambo. Kisha akasema, "Usiniogope mimi, binti. Sema ulichosikia tu." Akaenda zake na fimbo yake.

Leo ni Jumatano. Sasa hivi mume wangu anagonga mlango wa bafu, anauliza mbona maji yanamwagika tu. Ndugu zangu, hasa ninyi akina mama, niambieni kitu. Nifunge bomba nisubiri Ijumaa, au nifungue mlango nimwambie sasa hivi?