Hatua Mbili za Baba Mkwe

Mimi ni Mkatoliki wa Uru niliyeolewa Machame, kwa Walutheri. Siku hizi watu wakisikia hivyo husema "ah, kumbe," basi yameisha. Wakati ule, miaka michache baada ya Azimio, lilikuwa jambo zito. Padri wa kwetu alitikisa kichwa, mchungaji wa kwao akatikisa chake, na mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi, ikanyweka hivyo hivyo. Tulikubaliana kwamba Jumapili nitasali na mume wangu kanisani kwao, na rozari yangu nitaiweka mfukoni. Nikakubali. Hakuna aliyeniuliza nitaiweka mfukoni mpaka lini.

Mume wangu alikuwa na kazi kule chini tambarare, kwenye mashamba ya miwa. Alipanda mlimani Jumamosi, akashuka Jumapili jioni. Kwa hiyo kusema kweli niliolewa na wakwe zangu. Mama mkwe alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, Biblia mkononi, miwani imefungwa kwa uzi, anajua Maandiko kuliko wainjilisti wawili ukiwajumlisha. Baba mkwe yeye alikuwa mtu wa vichekesho. Nilimpenda sana mzee yule, wala sioni aibu kusema. Siku nilipounguza kiburu cha wageni ndiye aliyenitetea. Alisema ndizi zikiungua kidogo husaidia tumbo, akala sahani mbili.

Akaugua. Wiki zile za mwisho nilikuwa namlisha mtori kwa kijiko, na mchana mmoja, mama mkwe akiwa kwenye kikao chake cha akina mama, mzee akanishika mkono.

"Mwanangu, ninyi kwenu mnaungama, si ndiyo?"

"Kwa padri, baba. Si kwa mke wa mtoto."

"Padri yuko mbali, na miguu yangu unaiona. Sisi huungama wote pamoja Jumapili, kila mtu ananong'ona lake, hakuna anayesikia la mwenzake. Hili langu nimelinong'ona miaka na miaka, naona halijatoka."

Akaniambia habari ya masale. Masale, kwa asiyeyajua, ni ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Ukiyaona yamesimama ujue umefika kwa mwenzako, na kuyagusa ni kutafuta vita. Mzee aliyang'oa yale ya upande wa juu, tunakopakana na babu jirani, akayapanda upya hatua mbili mbele. Alifanya hivyo Jumapili, watu wote wakiwa kanisani.

"Mimi nilisema naumwa tumbo," akasema, akaanza kucheka, mtori ukampalia, nikadhani nimemuua mimi. Alipopata pumzi akaniambia, "Mama yenu asijue." Nikamwahidi. Siku ya nne akafariki.

Tukamzika kihambani, kati ya migomba, kama ilivyo desturi. Mchungaji alihubiri vizuri mno juu ya yule mwizi msalabani aliyeahidiwa peponi siku ile ile. Watu wakafarijika. Mimi nilikuwa nimesimama pale nawaza. Mwizi yule alikiri mbele ya watu, mzee wangu amekiri mbele ya bakuli la mtori, na shamba la watu bado tunalo! Hata ndizi tulizowapikia waombolezaji zilikatwa pale pale kwenye zile hatua mbili. Mimi nimefundishwa toka utotoni kwamba roho yenye waa hupita toharani ikatakaswe, na walio hai huisaidia kwa sala. Walutheri hawana toharani. Nikajiuliza, mzee wa watu yuko wapi saa hizi, na nani wa kumwombea kama si mimi?

Jumamosi nikamwambia mume wangu. Mzee alisema mama asijue, mwanawe hakumtaja.

"Serikali imetangaza ardhi yote ni mali ya umma," akasema. "Sasa baba ameiba nini?"

Akageukia ukutani akalala. Wanaume!

Nikaitoa rozari mfukoni. Nikaanza novena, sala ya siku tisa, kule zizini wakati wa kumpa ng'ombe majani. Siku ya sita mama mkwe akaingia kuchukua ndoo.

"Unamwombea nani na hizo shanga?"

"Baba," nikasema. "Siku tisa. Leo ya sita."

Nilitegemea kelele. Yeye akaokota ndoo yake akasema, "Njoo jikoni. Ndizi hazijamenywa." Kwa mama yule, hiyo ilikuwa tarumbeta ya vita.

Tukamenya, tukabishana. Akaanza na yule tajiri na maskini Lazaro: mtu akishakufa kuna shimo kubwa katikati, wa huku haendi kule, wa kule haji huku. Nikamwambia, lakini mama, tajiri yule kule motoni aliwakumbuka ndugu zake, akawaombea waonywe. Basi wafu wanatuwaza. Akamenya ndizi mbili nzima. Kisha akaja na Mhubiri: wafu hawajui lolote, hawasikii, mapenzi yao na chuki zao vimekwisha. Nikamuuliza, kama hawajui lolote, yule tajiri aliongeaje?

"Usinichezee akili, wewe mtoto wa Uru!"

Ila niliona anafurahia. Siku zote za msiba alikuwa mkavu, sasa macho yanang'aa. Nikapata moyo, nikamtajia kitabu cha Agano la Kale chenye wale askari waliokufa vitani na hirizi za sanamu chini ya nguo zao, wenzao wakawaombea wasamehewe. Akafuta mikono, akaleta Biblia yake, akapekua mwanzo hadi mwisho.

"Hakuna kitabu hicho."

"Kwetu kimo, mama."

"Basi ninyi mnaongeza vitabu kama muuza mbege anavyoongeza maji."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Haya, niambie. Mume wangu ana waa gani hata aombewe siku tisa?"

Nikainamia ndizi. Mzee aliniambia mama asijue, nami nilikuwa nimeahidi.

"Ni yale masale?" akauliza.

Ndizi ikaniponyoka.

"Mwanamume anasema anaumwa tumbo," akasema, "narudi kanisani namkuta ana matope mpaka magotini. Mimi mjinga? Nilijua siku ile ile. Nikanyamaza, nikasema atayarudisha mwenyewe. Mwaka ukapita, na mwingine, na mimi navuna ndizi za pale nanyamaza." Akavua miwani. "Nimewafariji wajane wa kanisa letu wote. Nimewaambia neema inatosha, wasiogope. Ninaiamini kwa kila mtu. Kwa huyu mmoja tu ndiyo naogopa. Naogopa sana, mwanangu. Nilimwacha aende vile bila kumwambia neno."

Nikamshika bega. Tukakaa hivyo mpaka moto ukazimika na chakula kikachelewa.

Mwishowe akasimama, akajifunga kanga. "Zile shanga zako sijui zinafika wapi. Najua Zakayo alirudisha vya watu, tena mara nne."

"Mama, mara nne ni hatua nane. Zizi lote linakwenda!"

"Tutarudisha mbili. Hizo mbili ndizo alizochukua."

Asubuhi yake tukapanda kwa babu jirani. Mama mkwe alikuwa ameshika jani la sale mkononi, maana mmea ule ule unaotenga mipaka ndio tunaoombea msamaha. Ukiletewa jani lile, hata uwe na hasira kiasi gani, hukatai. Tulimkuta babu anaanika kahawa. Nikaamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba," lakini macho yalikuwa kwenye lile jani.

"Shemeji," mama mkwe akasema, "ndugu yako amekufa na hatua mbili za shamba lako. Nimekuja kukuomba umsamehe, uje upime tukurudishie."

Mzee akalipokea jani kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakalia gunia.

"Shemeji, mumeo alipokuwa Tanga kwenye mkonge, hajakuoa bado, na baba yake keshafariki, ni mimi niliyeyasogeza yale masale. Hatua tatu! Akarudi, hakujua. Miaka ikapita. Jumapili moja natoka kanisani nakuta mbili zimerudi zenyewe. Nikafikiri ni Mungu!"

Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Yaani yule mtu..." Akashindwa kumaliza. "Ameiba shamba lake mwenyewe! Na tumbo lake lile!" Hapo akaangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi, akajishika ubavu, nami nikacheka mpaka machozi. Watoto wa babu wakatoka kuchungulia waombolezaji gani hawa.

Babu ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Bado moja, shemeji," akasema. "Hatua moja iko kwangu mpaka leo. Siku ya kumzika nilisimama nyuma ya mibuni. Wenzangu wanatupia udongo, mimi nikashindwa. Nilimnyang'anya udongo akiwa hai, nimtupie upi akiwa amekufa?" Akanigeukia. "Mwanangu, ninyi wa Uru, mtu kama mimi akifa mnamfanyiaje?"

Kabla sijafungua kinywa mama mkwe akajibu. "Wewe hujafa. Kamata jembe."

Akakamata. Na uzee wake wote aling'oa masale yale moja moja, akayapanda upya hatua moja nyuma, kuelekea kwake. Sisi tulimshikia na kushindilia kwa miguu. Kila alipotaka kupumzika mama mkwe alikohoa, naye akaendelea. Hatua ile moja ilikuwa na migomba mitatu, mmoja una mkungu mzuri, na babu hakuutazama mara mbili.

Alipomaliza, akainama akachota udongo wa pale kwa kiganja. Akashuka nao polepole mpaka kaburini, sisi nyuma yake. Akavua kofia. Akaumimina udongo juu ya kaburi, kidogo kidogo, mpaka mkono ukabaki mtupu. Kisha akaanza kumwambia rafiki yake maneno, kwa sauti ya chini kabisa, kichwa kimeinama.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu, mikono kifuani. Alivumilia kidogo, akashindwa.

"Paza sauti, shemeji," akasema. "Sikio lake la upande huo lilikuwa halisikii vizuri."