Matete ya Ruhembe

Simu ndizo zilizonifungia studio. Kwa miaka mingi pale Mikumi nilipiga picha za pasipoti, za ndoa na za watoto wanaomaliza darasa la saba, na siku za Jumamosi watu walijaa hadi barazani. Kisha kila mtu akawa na kamera mfukoni. Siku niliyoshusha kibao, kaka yangu alikuja kunipa pole pamoja na ushauri.

"Uza hiyo kamera, ufungue genge la nyanya."

Nilimwambia genge la nyanya afungue yeye.

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, wanangu wote wameshatoka nyumbani. Nikapanda bodaboda hadi Ruhembe kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nikapumzishe kichwa wiki moja. Nyuma ya mashamba ya miwa kuna bwawa lililozungukwa na matete. Asubuhi ya kwanza nilimwona ndege mwenye vidole virefu kama njiti akitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Nikarudi mbio kuchukua kamera. Wiki moja ikawa miezi minne.

Kupiga picha ya bibi harusi ni kazi rahisi: unamwambia ageuke, anageuka. Ndege humwambii kitu. Nilijifunza kusimama kwenye tope hadi magotini bila kukohoa, huku mbu wakifanya watakavyo. Maneno yakaanza. Wengine walisema mama wa watu amechanganyikiwa tangu biashara imfie. Wengine walisema nimetumwa kupima eneo ili lichukuliwe. Mwenyekiti wa kitongoji aliniita akaniuliza picha nazipeleka wapi.

"Sizipeleki popote."

"Sasa unapiga za nini?"

"Za kutazama."

Hakuridhika, lakini hakupata kosa la kuandika.

Ndani ya matete nilikuwa nimegundua kiota cha korongo, yule mwenye shingo ya rangi ya kutu. Makinda walikuwa watatu, na manyoya yamesimama vichwani kama watu walioamshwa ghafla. Mmoja alichukuliwa na kenge mbele ya macho yangu, nisiweze kufanya lolote. Wawili walibaki, wameanza kuota manyoya ya mabawa.

Asubuhi moja nilikuwa pale tangu alfajiri. Nilisikia sauti, kisha nikanusa mafuta ya taa. Nilipotoka kwenye matete nikamkuta mzee mwenye shamba la mpunga jirani na bwawa. Alihamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa miaka mingi iliyopita, baadaye akageukia mpunga. Mkono mmoja alishika kidumu, mwingine kiberiti. Mkewe alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Toka humo, nachoma."

"Siwezi kutoka."

Alinitazama kama hakunisikia. Akanieleza kwamba kwelea kwelea wanalala ndani ya matete haya, na kila kukicha wanashuka kwa maelfu kunyonya mpunga wake ambao bado una maziwa. Mwaka jana alivuna makapi. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa kweli. Kwelea nilikuwa nawaona mwenyewe. Lakini nilimwonyesha picha ya makinda kwenye kioo kidogo cha kamera.

"Hawa hawali mpunga. Wanakula vyura na samaki. Hawajaweza kuruka."

"Ni ndege tu, mama."

"Basi choma. Mimi narudi ndani."

Nikageuka, nikarudi kwenye matete na kusimama karibu na kiota. Nilisikia kiberiti kikitikiswa. Halafu mkewe akasema maneno machache kwa lugha yao ya nyumbani, nami sikuelewa hata moja.

"Mama," mzee akaita. "Kwelea wangu atawafukuza nani?"

"Mimi."

Nilijibu kabla sijafikiri. Tukakubaliana hadi makinda waruke, au hadi mpunga ukomae, lolote litakalotangulia. Kuanzia siku hiyo, kila alfajiri nilipanda kwenye dungu katikati ya shamba lake, nikapiga debe na kupayuka hadi sauti ikakauka. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini: mtu aliyeacha mji kwa ajili ya kuwapenda ndege, sasa anawatukana toka kukicha. Nilimwacha acheke. Jua likipanda, kwelea wakipungua, nilishuka na kwenda kwa korongo wangu na kamera shingoni.

Mke wa mzee ndiye aliyekuwa akiniletea uji. Siku moja nilimuuliza alimwambia nini mumewe asubuhi ile.

"Nilimwambia huyu mwanamke hatoki. Nimekuwa nikikutazama siku nyingi."

Siku ya kumi na tisa, kinda mkubwa alisimama ukingoni mwa kiota, akatandaza mabawa na kuondoka kana kwamba amekuwa akifanya hivyo maisha yake yote. Wa pili alimfuata baada ya siku mbili. Nilikuwa na kidole kwenye kitufe, na picha ya huyo wa pili imetoka na ukungu kwa sababu nilikuwa nalia.

Mzee alivuna zaidi ya mwaka uliopita, ingawa hakunishukuru, nami sikutaka shukrani. Wiki ile ile alichoma matete. Moshi ulifika hadi nyumbani kwa wifi. Nilikwenda nikasimama kando yake tukitazama.

"Mwakani nachoma mapema," akasema.

"Mwakani nitakuja mapema zaidi, mzee."

Alitikisa kichwa, akaokota kidumu chake na kuondoka.