Vifaranga Thelathini na Nane wa Kwenye Bango

Ni saa tatu asubuhi, Jumanne, na jua la Masalani limeshaanza kuuma. Kuku mweusi asiye na manyoya shingoni ananyanyuka taratibu kutoka kwenye nusu ya mtungi wa plastiki uliofukiwa mchangani. Anatikisa mabawa, anashuka. Hapo hapo Bishara Alio, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, anashika tasbihi yake na kuanza kuhesabu.

Shanga zikizunguka mara moja, kuku awe amekunywa maji. Mara ya pili, awe amekula na kuoga majivu. Mara ya tatu ikiisha naye bado anazurura, Bishara humwendea kwa hatua ndogo ndogo na kumswaga arudi, kama muuguzi anayemrudisha mgonjwa wodini.

"Simu yangu inaisha chaji," anasema. "Shanga haziishi chaji."

Kitendawili. Anafunga siku ishirini na moja na hana Ramadhani, analala mchana kutwa na si mvivu. Katika boma la Bishara huna haja ya kutoa mji ndipo uambiwe jibu. Jibu limesharudi kwenye mayai yake kumi na matatu, linajitandaza na kukutazama kwa jicho moja.

Leo ni siku ya kumi na nane. Kuanzia leo mayai hayaguswi. Siku ya saba Bishara aliyapima kwa tochi ya simu, akaona mishipa ndani, akayatia kila moja alama ya mkaa ili kuku wa majirani wakija kutaga humo ajue yai la mgeni. Mchanga ulio chini ya kiota anaumwagilia kikombe kimoja cha maji kila jioni, maana joto la huku hukausha yai mpaka kifaranga akashindwa kutoka. Mayai yenyewe yalitoka ng'ambo ya Mto Tana yakiwa yamefukiwa katika pumba za mpunga, yakavushwa kwa mtumbwi, na akayaacha yatulie siku nzima kabla ya kumwekea kuku.

Ndiye kuku pekee aliyebaki naye anayeatamia. Mayai haya yakiharibika, Bishara hana pengine pa kuanzia.

Mwanamke huyu hakuzaliwa na kuku. Mumewe, Siyad, alikuwa na ng'ombe arobaini. Ukame ulipodumu misimu mitano, wakabaki watatu, wakauzwa. Bishara akanunua kuku wawili. Siyad akahamishia kiti chake upande wa pili wa boma, asionekane na wenzake akiwa karibu na digaag, yaani kuku kwa Kisomali.

"Mwaka mzima alikuwa anakula chapati nilizonunua kwa kuku huku ameyapa mayai kisogo," Bishara anasema, na Siyad aliye karibu anajifanya hasikii.

Ilipofika mwaka jana alikuwa akiuza mitetea kumi kwa mwezi, kila mmoja shilingi mia saba. Unga ulipatikana, dawa za shinikizo la damu za Siyad zikapatikana.

Kisha wakaja watu wa mradi.

Shirika moja la misaada lilijenga banda la mabati kando ya barabara, likapakwa rangi ya buluu, likawekewa bango. Siku ya uzinduzi, mwezi wa pili, Bishara aliombwa alete kuku watatu waliokuwa wakiatamia, na mayai yao thelathini na nane. Alisema kuku anayelalia hahamishwi mchana. Akaambiwa wageni hawawezi kuja usiku.

Kuku wakabebwa saa nne, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Bishara hulitamka neno hilo "bicha", na hulitamka akikunja uso.

Saa nane mchana, banda lilikuwa kikaango. Kuku wawili waliyakimbia mayai na hawakurudi. Wa tatu alibaki akitweta, mdomo wazi, mpaka akafia juu ya mayai yake. "Huyo ndiye ananiuma," Bishara anasema. "Hao wawili walikuwa na akili. Huyu alikuwa mama." Mayai yote yakawa viza. Mitetea waliosalia akawauza mmoja mmoja, familia ikala.

Bango lipo mpaka leo. Limeandikwa: KUKU 3. VIFARANGA 38.

Jumanne hii, kabla kuku hajamaliza kujiweka sawa, pikipiki inasimama nje. Anashuka Mureithi, afisa wa mradi, kijana wa kutoka Nyeri mwenye kofia na jalada. Nyuma yake ni Kaaha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama.

"Hamjambo, Mama Bishara."

"Hatujambo, afisa. Sema polepole, kuna mtu amelala."

Mureithi anaeleza. Alhamisi wanakuja wakubwa kutoka Garissa kuwaona wale vifaranga. Banda ni tupu. Amesikia kuku wa Bishara anakaribia kutotoa. Wamhamishe na mtungi wake, saa moja tu, kisha arudishwe.

"Mureithi, wewe una watoto?"

"Wawili, mama. Wako nyumbani na mama yao."

"Siku mama yao alikuwa anazaa, ulimtoa kitandani ukamweka barabarani apigwe bicha?"

Kaaha anajiziba mdomo kwa shela yake. Hata hivyo kazi yake ni kusawazisha. "Abaayo, dada yangu, fikiria. Kuna waya wa kuku na magunia mawili ya chakula kwa kila mama. Wakikasirika hawa, tutakosa."

"Waryaa, Mureithi," Siyad anaita kutoka kitini kwake. "Nichukueni mimi. Nitakaa ndani ya nyumba ya bati nilalie mayai. Bicha itatoka vizuri."

Mureithi hacheki. Anafuta jasho. "Mama, mimi pia nina mkubwa wangu. Ripoti ilishaenda."

"Ilienda na vifaranga gani? Mimi sikumwona hata mmoja."

"Wakati ule tulikadiria."

Bishara anaongea chini kabisa, na kila mtu bomani anamsikia. "Mwenye kukadiria ni Mwenyezi Mungu. Ndiye anajua yai gani litatoa roho na gani litaoza. Wewe umeanza lini? Umeketi mezani Garissa, umeandika roho thelathini na nane, na mimi nilizifukia hapo nyuma kwa jembe, zinanuka. Mbona hukuja kuzikadiria na pua?"

Mureithi anafungua jalada. Anasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba asiyeshirikiana hawezi kubaki kwenye orodha. Bishara anamwambia aandike kwa kalamu, si penseli. Jina linakatwa mbele ya macho yake. Waya umekwenda, chakula kimekwenda. Pikipiki inaondoka, na kuku hajatingisha hata unyoya.

Alhamisi wageni wakaja. Bishara hakwenda, ila Kaaha alirudi jioni na habari, akiwa na aibu ambayo haikuwa yake. Katoni la vifaranga wa manjano, wa kiwandani, liliteremshwa kwenye gari. Wakamwagwa bandani, wakapigwa picha, wakarudishwa katonini, wakaondoka na gari lile lile.

"Walikuwa wangapi?" Bishara akamuuliza.

"Thelathini na sita. Wawili walikufa njiani kwa joto."

Bishara alichukua kikombe chake cha maji akaenda kuumwagilia mchanga.

Mureithi alipopigiwa simu na mwandishi wa makala haya kuhusu bango na katoni hilo, alisema si msemaji wa shirika na akaomba atafutwe mkubwa wake. Mkubwa wake hakushika simu.

Ijumaa, Siyad alikuwa wa kwanza kusikia. Alirudi kutoka msikitini, akasimama kando ya mtungi viatu mkononi, akamwita mkewe kwa mkono. Chini ya kuku mlikuwa na sauti nyembamba. Akataka kumnyanyua aone. Bishara alimpiga mkono.

"Wacha. Wa kwanza akitoka anawaita wenzake. Ukimwinua mama yao wanapoa kabla hawajakauka."

Mpaka Jumamosi asubuhi walikuwa wametoka kumi na mmoja. Mayai mawili yalikuwa viza, na kifaranga mmoja alikanyagwa. Wamebaki kumi. Sasa wanashinda chini ya tenga kubwa lenye jiwe juu kwa ajili ya mwewe, wakila unga wa mahindi uliolowekwa kidogo. Kiti cha Siyad kimesogea karibu. Anasema ni kwa sababu ya kivuli.

Jumatatu Mureithi alipita tena bila jalada. Alichuchumaa kando ya tenga, akawatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa adabu safari hii, kama angeweza kuwapiga picha.

"Ulete chanjo ya kideri kwanza," Bishara akamwambia. "Wakichanjwa wote, wakafika miezi miwili, njoo na wakubwa wako wote nitawapikia chai."

Anachopanga si kikubwa. Mitetea watakaopatikana katika hawa kumi hatawauza. Wakikua atawawekea mayai siku moja, wawili au watatu kwa pamoja, ili vifaranga wote walelewe na kuku mmoja na wengine warudi kutaga mapema. Kina mama wanne wa kikundi, waliopoteza hamu baada ya mwezi wa pili, atawaazima kila mmoja kuku anayeatamia, na kuku huyo atapelekwa giza likishaingia. Badala ya waya, atasuka uzio wa fito mwenyewe.

Kuhusu bango, ameshamwambia Kaaha alipeleke neno lake kwenye mkutano ujao kama alivyolisema, bila kulipunguza.

"Wafute," anasema, akimtupia kuku punje za mtama. "Na wakitaka kuandika tena, waje hapa. Mimi nitawahesabia wenye miguu."