Maziwa ya Tulinagwe

Mimi na Tulinagwe tulikuwa wapangaji ukuta kwa ukuta hapo Tunduma, kwa hiyo asije mtu akanisimulia habari za yule mwanamke. Mndali wa Ileje, mpole mpaka anaudhi. Asubuhi anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuchukua vitenge, mchana anaviuza sokoni. Mumewe, Ambakisye, alikuwa dereva wa lori la Lusaka.

Miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna. Hedhi nayo ikakata kabisa. Na kuna jambo alinieleza mimi peke yangu, tumejifungia jikoni mwaka 2008: matiti yake yalikuwa yanatoa maziwa. Mwanamke hajawahi kubeba mimba, jamani, anaweka vitambaa ndani ya sidiria kama mzazi wa juzi!

"Mwambie mumeo," nikamwambia.

"Nimwambie nini, Mama Naila? Ataniuliza mtoto wa maziwa haya yuko wapi."

Nikamsindikiza Mbeya kwa daktari wa akina mama. Wakampima damu. Daktari akatueleza kuna homoni inaitwa prolaktini, inatoka kwenye kitezi kilichoko chini ya ubongo, kidogo kama punje ya njegere. Kazi yake ni kumletea mzazi maziwa. Kwa Tulinagwe ilikuwa imezidi, basi mwili ukadhani unanyonyesha, na mwili unaonyonyesha hauna haraka ya kushika mimba nyingine. "Si uchawi, si laana, na inatibika," akasema, akampa vidonge vya kumeza miezi kadhaa. Kwenye basi tulirudi tunacheka. Tulinagwe akaniambia mumewe atamweleza maziwa yakishakauka.

Hayakupata nafasi ya kukauka. Wiki chache baadaye kichanga kilikutwa kimekufa kwenye mfereji nyuma ya soko. Na mtaani kwetu kichanga kikitupwa, polisi hawasubiriwi. Akina mama wanapita nyumba kwa nyumba, wanakamua matiti ya kila mwanamke wa umri wa kuzaa. Mwenye maziwa na hana mtoto mgongoni, ndiye huyo.

Tulinagwe akaja kwangu mbio. "Nivukie Nakonde?"

Mpaka ulikuwa pale pale, hatua chache tu. Lakini ukivuka siku hiyo, umekiri. Ukibaki, unakamuliwa. Ukigoma kukamuliwa, umekiri vile vile. Nilishikwa na hasira nikaupiga ukuta mpaka mkono ukaniuma. "Baki," nikamwambia. "Mumeo yupo. Analala na wewe, anajua hukuwa na tumbo."

Wakaja, Mama Roda, mkubwa wao, mbele. Wakamkamua pale uani, mchana kweupe, watu wamejaa. Maziwa yakatoka.

"Muuaji!"

Nilipiga kelele kuhusu ule ugonjwa mpaka sauti ikanikauka. Wakanicheka. "Homoni! Na wewe ndiye uliyemshikia mtoto wakati wa kumtupa?" Tulinagwe mwenyewe alikuwa amekumbatia kifua chake, analia, anarudia, "Naumwa, mama zangu, naumwa."

Mama Roda, haki yake nimpe, akamgeukia Ambakisye. "Baba, sema. Mkeo alikuwa na mimba?"

Ambakisye akayatazama yale maziwa, akawatazama watu. "Mimi mtu wa safari," akasema. "Siwezi kujua."

Eti hawezi kujua! Lori lake lilikuwa bovu miezi miwili, analala nyumbani kila siku, anakula ugali wa mkewe! Ningekuwa na mwiko mkononi siku ile ningekuwa jela mpaka leo.

Polisi walifika kabla ya mawe, alhamdulillahi. Wakampeleka hospitali, daktari akampima na kusema huyu hajawahi kuzaa, akampigia simu mwenzake wa Mbeya, naye akathibitisha. Kesho yake wakamwachia. Mama Roda akatukuta kituoni na kuku wa kuomba radhi. "Lakini si ungesema mapema, mwanangu?" Angesema! Amwambie nani? Nilimfukuza yeye na kuku wake.

Ambakisye alikuwa getini, ameshika kanga ya kumfunika mkewe. "Niliogopa watu," akasema. "Twende nyumbani."

Tulinagwe aliipokea ile kanga, akajifunga vizuri.

"Wale hawakunijua," akamwambia. "Wewe ulikuwa unanijua."

Akapanda gari la kwao Ileje.